Kalunde Nzioka na Kengele ya Erlenrath, 1931–1997

Mchungaji wetu, naibu wa chifu, wazee wa kanisa, akina mama wa mwethya, wenzetu wa kazi za pamoja, majirani wa Kyanduini, ndugu zetu mliovuka mto Athi kutoka Tulia na Kabati, na Bwana Samatar uliyefunga duka lako kule Emali ili uwe nasi, kwa niaba ya familia nawasalimu nyote. Mimi ni Kisilu, ndugu mdogo wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu watoto wake walisema hawataweza kusoma bila kulia, wakatazamana, wakaona mjomba wao ndiye mwenye macho makavu. Nimeambiwa nisome kwa kifupi na niwe nimemaliza kabla ya saa saba, na sababu ya saa hiyo mtaijua nikifika mwisho, lakini maisha ya Kalunde hayasomeki bila historia ya kijiji hiki na kanisa lake, na historia ya kanisa hili haisomeki bila ile ya kijiji kingine kilicho mbali sana, Ujerumani, kwa hiyo mnivumilie, na walio juani wasogee kwenye turubai.

Marehemu Kalunde alizaliwa Tulia, Kitui, mtoto wa kwanza wa Mzee Kiilu na Mama Syombua, ambao wote wametangulia. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1931, siku ambayo, ukiisikiliza serikali, nusu ya wazee wa Tulia walizaliwa pamoja, lakini mama yetu alisema ulikuwa mwaka wa nzige, wakati wa kupalilia, na kwamba mtoto alilazwa chini ya kitanda huku watu wote nje wakipiga madebe kuwafukuza wadudu hao, na pengine ndiyo maana dada yangu hakuwahi kuogopa kelele, iwe ya kusikia au ya kupiga yeye mwenyewe.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Tulia mwaka 1941, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1945, na alikuwa msomaji mzuri kiasi kwamba mwalimu alimtoa mbele kila asubuhi asome Biblia, mpaka siku ile ilipogunduliwa kwamba mahali alipoona hadithi imepungua chumvi alikuwa anaongeza yake. Alimpa mke wa Nuhu malalamiko marefu juu ya harufu ya fisi ndani ya safina, darasa zima likacheka, na Kalunde akapewa adhabu ya kufagia uwanja wa shule kwa wiki nzima. Alifagia huku akiendelea na hadithi, na wenzake wakamfuata na mafagio ili wasikie mwisho wake.

Tarehe 19 Agosti 1950 aliolewa na Nzioka Musembi, seremala kutoka hapa Kyanduini, upande huu wa mto, sehemu ambayo miaka hiyo ilihesabiwa Machakos na leo ni Makueni. Nzioka alikuwa amekuja Tulia kutengeneza milango ya shule, akaitengeneza yote vizuri isipokuwa mmoja, ule uliokuwa karibu na nyumba yetu, ambao kila wiki ulipatikana na kasoro mpya na ukahitaji fundi arudi. Baba yetu, ambaye hakuwa mjinga, alimwambia kwamba kama mlango hauponi basi aje na wazee wake wauzungumzie, na hivyo ndivyo posa ilivyofunguliwa. Ndoa yao ilikuwa ya mtu mmoja anayesema na mwingine anayesikiliza, na kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyepata sehemu nzuri.

Mungu aliwajalia watoto wanne, naye Musembi alizaliwa mwaka 1952, Mumbua mwaka 1955 katika mvua ambayo iliangusha choo cha jirani, Kavata mwaka 1959, na Kiilu mwaka 1963, na wote wako hapa mbele yenu, na wajukuu wako hapa pia, ingawa majina yao siwezi kuwatajia yote kwa sababu hawajawahi kutulia nikawauliza.

Sasa naingia katika kazi yake. Mwaka 1965 kanisa letu lilifungua zahanati ndogo hapa Kyanduini, vyumba viwili na choo, na Januari mwaka uliofuata akaletwa muuguzi kutoka Ujerumani aliyeitwa Gerda, mwanamke mrefu, asiyeolewa, mwenye mikono mikubwa ya mkulima na Kiswahili alichokuwa amejifunza kitabuni. Kilikuwa Kiswahili safi kabisa, na hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu mgonjwa wa Kyanduini aliyeambiwa "tafadhali nieleze asili ya maumivu yako" alidhani anaulizwa ukoo. Juni 1966 Kalunde aliajiriwa kufagia, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amewekwa kiti kati ya Gerda na wagonjwa, akigeuza Kiswahili cha kitabu kuwa Kikamba, na Kikamba cha akina mama kuwa kitu ambacho kinaweza kuandikwa kwenye kadi, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini.

Kila siku saa kumi, wagonjwa wakiisha, wawili hao walikunywa chai, na Gerda alimsimulia habari za kwao. Kwao ni kijiji kilichoitwa Erlenrath, nyumba arobaini hivi, watu wa ng'ombe na mashamba ya zile sukari zinazochimbwa ardhini kama viazi. Zamani sana ugonjwa uliingia katika ng'ombe wa Erlenrath, zizi baada ya zizi likabaki tupu, na wale wachache waliobaki na mifugo wakaapa kwamba ikipona watamjengea Mungu nyumba, mifugo ikapona, na wakajenga kanisa dogo lisilozidi darasa moja, wakatundika kengele moja. Katika vita kuu ya pili serikali yao ilikusanya kengele za makanisa ikaziyeyushe ziwe silaha, na watu wa Erlenrath wakaishusha yao, wakaificha ghalani chini ya rundo la viazi, na afisa alipokuja kuitafuta wakamkaribisha chakula palepale ghalani, akala mpaka akashindwa kusimama, akaandika kwamba kengele haikuonekana, naye alikuwa amekaa juu yake.

Habari hizo Kalunde hakuziweka moyoni. Alizisimulia kwenye foleni ya zahanati, kisimani, na kwenye mwethya wakati wa kuchimba matuta, na kwa sababu mkono wake wa chumvi ulikuwa uleule wa Tulia, yule afisa alipata tumbo, kisha mke mkali, kisha mbwa, na watoto wa Kyanduini walikua wakiijua Erlenrath nyumba kwa nyumba, na Kavata mpaka darasa la tatu alikuwa anaamini kwamba iko nyuma ya vilima vya Kibwezi. Gerda alisikiliza, akasema kwamba Erlenrath ya Kalunde ina mambo mengi kuliko ile aliyozaliwa yeye, na akaomba ile ya afisa irudiwe.

Halafu mwaka 1977 Gerda alikuja kwenye chai na uso umebadilika, akasema kwamba chini ya Erlenrath kumepatikana makaa ya mawe, na kijiji chote kitahamishwa ili yachimbwe, nyumba, makaburi na kanisa. Mwaka 1979 kanisa la Erlenrath lilibomolewa, watu wakatawanyika katika nyumba za kupanga huku na huko wakingoja kujengewa kijiji kipya, na kengele ikabaki katika ghala la kaka yake Gerda, Matthias, mfuga ng'ombe aliyekuwa na ufunguo wa kanisa na sasa hakuwa na mlango wa kuufungulia. Gerda akawaomba watu wake, kuliko kengele inyamaze ghalani, waipeleke mahali inapoweza kupigwa, wakakubali, na hapo hakuna aliyeuliza ni kwa muda gani.

Kengele ilifika Mombasa kwa meli na Emali kwa treni, tarehe 11 Aprili 1980, na kutoka Emali haikuwa na usafiri, mpaka mfanyabiashara wa mifugo, huyu Bwana Samatar mnayemwona hapa, wakati huo kijana mwembamba, alipokubali kuipakia kwenye lori lake pamoja na mbuzi. Barabara ya mji wa Wote mnaijua ilivyokuwa, kila shimo lilipiga kengele na kila pigo liliwashtua mbuzi, na Bwana Samatar anasema mpaka leo kwamba waliokuwa njiani waliinua mikono kumsalimu, wakidhani ni harusi.

Hapa lazima nieleze kosa ambalo lingefanywa na watu wa Kyanduini peke yao. Wakati ule hatukuwa na kanisa la kujengwa, tulisali katika darasa la shule ya msingi, na kitu pekee kilichopigwa hapa kijijini kilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa karibu na zahanati, na maana yake ilikuwa moja tu, njooni mwethya. Nzioka alisimika nguzo na kutundika kengele pembeni ya ile rimu, akasuka kamba yake mwenyewe, na Jumapili tarehe 20 Aprili 1980, saa tatu asubuhi, Kalunde akavuta kamba kwa mara ya kwanza ili kuwaita watu kwa ibada. Sauti ilifika mpaka mtoni, na kila aliyeisikia akawaza kwamba kama rimu inalia hivyo basi kazi ya leo ni kubwa kuliko zote, wakatoka na majembe, makarai, mapanga na mitungi, na Mzee Kiema, mzee wetu wa kanisa, akaja na fahali wawili na plau. Gerda alipoona umati unapanda mlima na mapanga alifunga mlango wa zahanati. Mchungaji wa wakati huo alisimama na suti yake bila kujua kama asome zaburi au akimbie, na Kalunde akamwendea, akamwambia kwamba watu wako, zana ziko, na kengele iko lakini haina nyumba, sasa kuwarudisha ni kwa nini. Mchungaji alifikiri kidogo, akaomba, akavua koti, na msingi wa kanisa hili ulichimbwa siku hiyohiyo.

Kanisa lilijengwa kwa mwethya, mchanga wa mto na mawe ya mlima, milango na madirisha ya Nzioka, kwa ukubwa wa lile la Erlenrath kama Gerda alivyolikumbuka kwa hatua zake, na lilifunguliwa Jumapili tarehe 5 Desemba 1982. Kulikuwa na wasiwasi mdogo kwa sababu kengele ilikuwa na jina Anna pamoja na sura ya mwanamke, na baadhi ya wazee walinong'ona kwamba hiyo ni mambo ya Wakatoliki, lakini mchungaji akafungua Luka akamkuta nabii mke Ana, mama mzee asiyetoka hekaluni, akatangaza kwamba ndiye huyu. Gerda alijua kwamba siye, kwamba wa kengele ni Anna mama yake Bikira Maria, akanywa chai yake.

Tangu hapo Kalunde ndiye aliyetunza kengele na ufunguo, na wale mlio vijana labda hamjui kwamba kabla ya kengele Kyanduini ilikuwa zahanati na vichaka, na ni sauti ile iliyoleta maduka, soko la Alhamisi na ofisi ya naibu wa chifu, kwa kuwa mtu aliyekuwa Wote akiulizwa anakwenda wapi alijibu, kwa kengele. Katika ile njaa ya 1984, ya mahindi ya manjano ya msaada, kengele ndiyo iliyowaita watu kupokea chakula bila kusukumana. Tarehe 30 Juni 1986 Gerda alistaafu akarudi kwao, na tarehe 3 Novemba 1989 shemeji yangu Nzioka alitutoka, na Kalunde hakumruhusu mtu mwingine kuvuta kamba siku ya mazishi, akasema kamba hii ameisuka yeye, nitaishika mimi. Baada ya hapo, kila asubuhi alipoigusa, alimgusa mumewe, aliniambia hivyo wazi, na mimi ninawaambia ili muelewe linalofuata.

Februari 1993 Gerda alirudi, mzee sasa na mwenye fimbo, akiwa na kaka yake Matthias. Erlenrath mpya ilikuwa imekwisha kujengwa, nyumba nzuri zenye maji na taa, na kanisa jipya lenye mnara, na mnara huo ulikuwa mtupu. Wazee wa Erlenrath walikuwa wameanza kufa na kuzikwa kimya, na waliobaki walisema kwamba wamepewa nyumba lakini hawajapewa kijiji, kwa hiyo walikuwa wamewatuma hawa wawili kuuliza kama kengele inaweza kurudi.

Mkutano ulifanyika tarehe 13 Februari, hapa tulipokaa. Mzee Kiema alisema kwamba kitu kikitolewa kimetolewa, kwamba tumechimba msingi kwa ajili ya hiyo kengele, na bila hiyo Kyanduini itarudi kuwa vichaka. Vijana walikuwa wamekwisha kuficha ngazi ya kuishushia. Mimi nilikuwa nimevuka kutoka Tulia makusudi kumuunga mkono Mzee Kiema, nikasema maneno makali, na mpaka leo sijayajutia, kwa sababu nilijua kamba ile ilikuwa nini kwa dada yangu. Gerda alikaa ameinamisha kichwa, hakuomba tena. Kalunde akainuka, akaenda mpaka kwenye nguzo za Nzioka, akasimama pale muda mrefu na mkono juu ya mbao, na sisi sote tukajua anachagua kati ya mume aliye kaburini na rafiki ambaye bado anapumua. Aliporudi alisema maneno haya, na nayasoma kama alivyoyasema.

"Hii kengele hatukupewa, tuliwekewa. Watu wa Erlenrath walishikwa na kiangazi, wakatuletea ng'ombe wao tumchunge, kwa sababu huku kwetu kulikuwa na nyasi. Tumemkamua miaka yote hii, tumeshiba. Sasa kwao mvua imenyesha. Ng'ombe anarudi kwa wenyewe, na mtu akinikataza nitamtoa mimi mwenyewe. Lakini ndama anabaki Kyanduini."

Wazee wa hapa hawahitaji kufafanuliwa, wamechunga na wamechungiwa, wanajua kwamba wakati wa ukame unapeleka ng'ombe kwa rafiki mwenye malisho, naye hanywi maziwa tu, siku ya kumrudisha anapata ndama wake, na wala hamna ugomvi. Gerda akaanza kumtafsiria kaka yake, lakini Matthias, ambaye amelala zizini na ng'ombe maisha yake yote, alielewa kabla hajamaliza, akasimama, akavua kofia, akasema kwa lugha yake kwamba ni haki, na kwamba ndama atazaliwa. Mzee Kiema aliuliza ni lini ng'ombe wa shaba aliwahi kuzaa, watu wakacheka, mkutano ukaisha bila mtu kuridhika, na vijana wakairudisha ngazi polepole sana.

Kengele iliondoka tarehe 2 Machi 1993 kwa lori la Bwana Samatar, safari hii bila mbuzi, maana alisema mgeni mzito hafai kusindikizwa na kelele. Kalunde alivuta kamba mara ya mwisho, akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Na ndama hakuja. Mwaka ule uliisha, 1994 nao ukaingia, na Kyanduini ikarudi kwenye rimu ya lori. Sokoni mjini Wote, wanawake walimuuliza Kalunde kama ng'ombe wake ni tasa, na yeye akajibu kwamba mimba ya chuma ni ndefu, nao wakacheka na kumuuzia nyanya. Mlangoni mwa kanisa haikuwa mzaha, Mzee Kiema alimpita bila kumsalimu, na kukawa na maneno kwamba ufunguo upewe mtu mwingine asiye na urafiki na Wazungu. Mbele za watu dada yangu alicheka, lakini Agosti mwaka ule nilipomtembelea alinishika mkono, akasema, "Kisilu, kama huyo ndama hatazaliwa, mimi nimetoa kijiji cha watu." Nilikula muthokoi wake, mahindi ya kukoboa na maharagwe, nikarudi Tulia na moyo mzito.

Krismasi ya 1994 simu ilipigwa kwa posta ya Wote, Mumbua akaenda kuipokea, naye Gerda akaeleza sababu ya kuchelewa. Watu wa Erlenrath walikuwa wamekataa ndama atengenezwe kwa shaba ya dukani, walisema ndama lazima awe na damu ya mama yake, kwa hiyo walikuwa wanakusanya, nyumba kwa nyumba, kila kitu cha shaba kilichotoka kijiji cha zamani kabla hakijachimbwa, vitasa vya milango, vinara vya mishumaa, kinu cha bibi wa mtu, na wale wazee waliotawanyika walikuwa wazito kutoa kitasa cha mlango ambao haupo tena. Wengine walilia, wakatoa. Vyote viliyeyushwa pamoja.

Ndama alifika tarehe 26 Mei 1995, kwa lori mnalolijua, na Jumapili tarehe 28 akatundikwa kwenye nguzo za Nzioka kwa kamba ya Nzioka, ambayo Kalunde aliikunjua mwenyewe. Ni mdogo kuliko mama yake, sauti yake ni nyembamba lakini inafika mtoni, na kwa kuwa desturi ya Erlenrath ni kuipa kengele jina la mwanamke, pembeni yake waliandika Kalunde. Dada yangu alipoliona alikasirika kweli, akasema amekaa na mume miaka thelathini na tisa hajainuliwa mkono, na sasa wanataka apigwe kila Jumapili mbele ya kanisa zima. Mzee Kiema, ambaye amekaa hapa mbele na anajua nitalisema hili, alivuka uwanja akamsalimu kwa salamu ndefu ya zamani, akamuuliza habari za nyumba, za watoto na za mbuzi mmoja mmoja, mpaka watu wakachoka kungoja, na Kalunde akamjibu yote bila kuruka hata mbuzi.

Marehemu alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu mwaka 1991, akautibu kwa dawa na kwa kubishana na madaktari. Januari mwaka huu alipata habari kwamba Gerda amefariki, akapanda mwenyewe kanisani na mguu mbaya, akampigia kengele, akakaa kwenye ngazi ya kanisa akalia mbele ya kila mtu, na kwa kweli tangu hapo hakupata nguvu tena. Agosti mguu ulizidi, akalazwa hospitali, akasimulia wodi nzima habari za yule afisa na viazi, na nimeambiwa mbwa alikuwa amekuwa wawili, na tarehe 9 Septemba 1997, alfajiri, akalala akiwa ameshikwa mkono na Kavata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, wahudumu wa zahanati yetu waliomfunga mguu kila siku, majirani mlioleta maji, kuni na unga tangu siku ya kwanza, akina mama wa mwethya mliolala nasi matangani, wafanyakazi wenzake wa zamani, kanisa, naibu wa chifu, Bwana Samatar kwa lori ambalo limemleta nyumbani kutoka hospitali na akakataa asante, Mzee Kiema na vijana waliochimba kaburi, na kama nimemsahau mtu, anilaumu mimi, asimlaumu marehemu.

Sasa ni ile saa niliyowaambia. Kule Erlenrath kuna sheria ya zamani, kwamba kengele hupigwa saa ya mazishi kwa mtu wa kijiji tu, mgeni hapigiwi, hata mchungaji wao aliyetoka mji wa jirani na kuwahudumia miaka mingi hakupigiwa. Jumatatu Mumbua aliitwa tena posta Wote, ilikuwa simu ya Matthias, mzee sana sasa, aliyesema kwa mdomo wa mjukuu wake anayejua Kiingereza kwamba walikaa kikao juu ya Kalunde, kikao hakikuwa kirefu, na walitaka kujua jambo moja tu, saa ya maziko.

Tuliwaambia saa saba, ambayo kwao ni saa sita mchana, na saa yangu inaniambia ni sasa. Hatutaisikia, ni mbali mno, lakini wako pale wanavuta kamba kwa ajili ya mwanamke wa Tulia, mmoja wa watu wa kijiji chao. Naomba tusimame mpaka wamalize.

Dada yangu, umeitwa nyumbani katika vijiji viwili. Lala, umechoka, sisi tupo.